Solomon Linda: Mtunzi wa 'Mbube' aliyekufa fukara huku wimbo wake ukivuma duniani

NI wachache mno wanaolifahamu jina la Solomon Linda, ilhali ni vigumu kumpata mtu ambaye masikio yake hayajawahi kuguswa na sauti aliyoibuni. Watoto wa chekechea huiimba. Bendi za hotelini huwapigia watalii. Waliotazama filamu ya katuni ya The Lion King waliisikia ikitoka vinywani mwa nguchiro na ngiri. Aliyeitoa sauti hiyo mara ya kwanza alikuwa kibarua wa Kizulu asiyejua kusoma alama za muziki, na alipoaga dunia mwaka 1962 hakuacha hata fedha za kununulia jiwe la kaburi.

Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, katika wilaya ya Msinga, mkoa wa Natal nchini Afrika Kusini. Hiyo ni nchi ya milima, mawe na mito inayokauka mapema, ambako mali ya mtu ilihesabiwa kwa ng'ombe. Kama wavulana wengine wa rika lake, alikulia malishoni. Kazi ya mvulana ilikuwa kuwachunga ng'ombe na kuwalinda dhidi ya wanyama wakali, na kumbukumbu ya simba kuwavizia ndama ndiyo iliyokuja kuzaa wimbo wake. Kwa Kizulu, simba ni mbube.

Alipata elimu kidogo katika shule ya wamishonari ya Gordon Memorial. Huko alikutana na muziki wa aina mbili usiofanana na ule wa nyumbani: tenzi za kanisani, zenye sauti nne zinazokwenda kwa utaratibu, na nyimbo za kuchekesha zilizoletwa na vikundi vya wasanii kutoka Marekani vilivyozuru Afrika Kusini tangu mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wa Msinga walizichanganya zote na nyimbo za harusi na za vita za Wazulu. Mchanganyiko huo haukuwa na jina wakati huo, bali ulikuwa burudani ya arusini tu.

Mwaka 1931, kama walivyofanya maelfu ya vijana waliobanwa na kodi na uhaba wa ardhi, Linda aliondoka nyumbani akaelekea Johannesburg kutafuta kibarua. Alifanya kazi katika duka la fanicha, na jioni aliimba katika kwaya iliyoitwa Evening Birds, iliyosimamiwa na wajomba zake. Kwaya hiyo ilipovunjika mwaka 1933, Linda, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa katika Hoteli ya Carlton, aliunda kikundi kipya na kukipa jina lile lile. Waimbaji wote walikuwa wenzake wa Pomeroy.

Yafaa kueleza maisha waliyoishi vijana hawa, kwani bila hayo wimbo wenyewe hauelezeki. Sheria za ubaguzi hazikuwaruhusu Waafrika kuishi mjini kama raia. Walilazwa katika mabweni ya wanaume watupu, vitanda vikiwa vimepangwa kama rafu za bohari, wake na watoto wakiwa wameachwa kijijini. Juma zima walikuwa watumishi wa kuitwa kwa kupigiwa kengele. Jumamosi usiku mambo yaligeuka. Kumbi za mabweni zilijaa kwaya zilizoshindana hadi alfajiri, na kila moja ilitetea heshima ya kijiji chake. Kwa kuwa ngoma na vishindo vya miguu viliwaudhi wenye mabweni, waimbaji walijifunza kucheza kwa kunyata, wakikanyaga kwa ncha za vidole. Mtindo huo wa kunyata ndio uliokuja kuitwa isicathamiya.

Evening Birds walikuwa wafalme wa kumbi hizo. Linda aliwavisha wenzake suti za mistari, kofia za duara na viatu vya rangi mbili, mavazi ya waungwana wa mjini ambao waajiri wao hawakutaka wawe. Katika upangaji wa sauti alifanya jambo la kijasiri. Kwaya nyingi zilikuwa na mwimbaji mmoja wa besi. Yeye aliongeza wengine hadi sauti nzito ikawa kama ukuta, kisha yeye mwenyewe akapanda juu ya ukuta huo kwa sauti nyembamba kama ya mwanamke, akawa huru kwenda atakako. Wanaojua muziki wa kwaya watatambua ugumu wake: sauti ya juu ikiyumba kidogo tu, ukuta wote wa chini huonekana umepinda.

Sifa za kikundi hiki zilimfikia Griffiths Motsieloa, Mwafrika aliyekuwa akiitafutia vipaji kampuni ya Gallo. Kampuni hiyo ilimiliki studio ya kurekodi mjini Johannesburg, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa nayo hata moja. Mwaka 1939 Evening Birds waliingia studioni humo, na miongoni mwa nyimbo walizorekodi ulikuwamo mmoja mfupi, wenye maneno machache, ulioitwa Mbube.

Jaribio la kwanza halikufaulu, wala la pili. Motsieloa aliwaita wapigaji wa piano, gitaa na banjo waje kuwaunga mkono waimbaji, wakajaribu mara ya tatu. Besi zilianza kurudiarudia neno moja lenye maana ya wewe ni simba, juu ya mipigo mitatu tu ya sauti inayozunguka bila kukoma, kama gurudumu. Linda alipaa juu yao, akapiga mayowe, akaugua, akashuka na kupanda tena. Karibu na mwisho wa wimbo, zikiwa zimebaki sekunde chache, alibuni papo hapo mstari wa sauti ambao hakuwa ameupanga na ambao hakuurudia katika sahani ile. Kisha wimbo ukaisha. Mstari huo wa sekunde chache ndio ambao dunia nzima inaujua leo.

Santuri ilienea kama moto wa kiangazi. Ilipigwa katika vipaza sauti vya waya vilivyowekwa katika makazi ya Waafrika, ikaimbwa mabwenini, ikavuka mpaka na wafanyakazi wa migodi waliorejea makwao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940, inakadiriwa kuwa nakala 100,000 hivi zilikuwa zimeuzwa. Vikundi vilivyouiga viliongezeka hadi aina nzima ya muziki wa kwaya ikapewa jina la wimbo huo, mbube. Si watunzi wengi waliobahatika kuona wimbo wao mmoja ukigeuka jina la mtindo. Kundi la Ladysmith Black Mambazo, ambalo Joseph Shabalala alilianzisha mwaka 1960 na ambalo dunia ililifahamu kupitia santuri ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, ni tunda la mti huo.

Malipo ya Linda yalikuwa shilingi 10, yaani nusu pauni. Kwa fedha hizo haki za wimbo ziliishia mikononi mwa kampuni. Gallo pia ilimpa kazi ya kufungasha santuri katika ghala lake, na kwa jinsi Mbube ulivyonunuliwa, yamkini alifungasha hata zake mwenyewe. Hakulalamika hadharani. Mkataba kwa mtu wa aina yake ulikuwa karatasi ya kutia sahihi, si jambo la kujadiliana, na wazo kwamba sauti iliyotoka kooni inaweza kumilikiwa kama shamba halikuwa limefika mabwenini.

Hapa kisa kinahamia Marekani. Gallo ilikuwa imetuma sampuli za santuri zake huko kwa matumaini ya kupata soko, lakini hazikumvutia mtu. Zilinusuriwa na Alan Lomax, mkusanyaji maarufu wa nyimbo za kienyeji, ambaye alimpa rafikiye Pete Seeger, mwimbaji wa kundi la The Weavers. Seeger aliisikiliza Mbube tena na tena akijaribu kuandika sauti zake. Hakujua Kizulu. Neno lililorudiwarudiwa na besi lilifika masikioni mwake kama Wimoweh, naye akaliandika hivyo. Kosa hilo la masikio likawa jina la wimbo.

The Weavers walikuwa wameshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1950 kwa wimbo wa Lead Belly, mwimbaji mweusi aliyefariki mwishoni mwa 1949 bila kuuona ushindi huo. Mwaka 1952 walitoa Wimoweh ukiwa na tarumbeta na vinanda vya okestra, nao ukavuma. Kwenye sehemu ya jina la mtunzi paliandikwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwepo. Lilikuwa jina la bandia ambalo kundi na wachapishaji wake walilitumia kudai mapato ya nyimbo walizoziona za kienyeji na zisizo na mwenyewe.

Dhana hiyo ndiyo iliyomwumiza Linda zaidi ya ulaghai wowote. Wimbo wa Kiafrika ulidhaniwa kuwa kama maji ya mto: umetoka kwa mababu, kila apitaye na achote. Hakuna aliyejiuliza kama mtunzi alikuwa hai, ingawa alikuwa hai, alikuwa na anwani, na jina lake lilichapwa kwenye sahani yenyewe. Seeger baadaye alijutia jambo hilo. Alipofahamu kwamba Mbube una mtunzi, aliagiza mapato yapelekwe kwa Linda, na dola 1,000 zilitumwa Afrika Kusini. Alidhani kwamba malipo yaliendelea, kumbe sivyo. Wakati huo huo, Gallo ilikuwa imekabidhi haki za Marekani kwa wachapishaji wa huko, yenyewe ikabaki na haki katika baadhi ya nchi za Afrika. Kibiashara, hilo lilikuwa sawa na kuuza ng'ombe na kubaki na kamba.

Evening Birds walivunjika mwaka 1948. Mwaka uliofuata Linda alioa, na familia ikaishi Soweto katika nyumba ndogo na maisha ya kubana. Aliendelea kuimba, na miongoni mwa Wazulu wa Johannesburg alibaki mtu wa heshima. Mwaka 1959 alianguka jukwaani. Figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa kufanya kazi.

Wakati akiugua, wimbo ulikuwa ukichukua sura mpya ng'ambo. Miriam Makeba aliurekodi kwa Kizulu katika santuri yake ya mwaka 1960, akiwa uhamishoni Marekani. Ni huyu Makeba ambaye baadaye aliusambaza duniani Malaika, ulioimbwa nchini Kenya na Fadhili William na ambao mtunzi wake wa kweli amebishaniwa kwa miaka mingi. Nyimbo hizo mbili, moja ya kusini na nyingine ya mashariki mwa Afrika, zilisafiri kwa chombo kimoja na kukumbwa na dhoruba moja.

Mwaka 1961 vijana wa New York waliojiita The Tokens walitaka kuuimba Wimoweh. Watayarishaji wao, Hugo Peretti na Luigi Creatore, pamoja na mtunzi George David Weiss, waliona kwamba wimbo huo unahitaji maneno ya Kiingereza. Weiss aliufungua kama fundi anavyofungua saa. Aliokota ule mstari ambao Linda aliubuni mwishoni mwa sahani, akauweka mbele kuwa sauti kuu, kisha akautungia maneno kuhusu simba aliyelala msituni. Simba wa Msinga, aliyekuwa tishio kwa ng'ombe, akageuzwa kibembelezi cha watoto. Wimbo ulipewa jina la The Lion Sleeps Tonight na kuwekwa upande wa pili wa sahani, ule wa nyimbo zisizotarajiwa kuvuma. Watangazaji wa redio waliigeuza sahani. Kufikia Desemba 1961 ulikuwa wa kwanza Marekani, na ulikaa hapo kwa majuma matatu. Jina la Linda halikuwa miongoni mwa watunzi.

Kwa nini sauti hii, kati ya maelfu, ndiyo iliyoganda? Sehemu ya jibu ni ufupi wake. Mzunguko wa besi haumchoshi msikilizaji kwa sababu unaisha kabla hajauzoea, kisha unaanza tena. Na mstari wa juu unashuka kwa hatua ndogo ambazo hata mtoto anaweza kuzifuata baada ya kusikia mara moja. Watunzi wa muziki wa michezo ya video walikuja kuigundua siri hiyo miongo kadhaa baadaye, kwa kulazimika. Mashine za miaka ya 1980 zilikuwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi sauti, hivyo ilibidi muziki uwe mfupi, ujirudie, na usimkere mchezaji hata kwa saa nzima. Sauti aliyoibuni Koji Kondo kwa ajili ya mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 iliingizwa katika hazina ya rekodi za kitaifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2023, nao ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupewa heshima hiyo. Ile ya Tetris, iliyovuma kupitia kifaa cha Game Boy mwaka 1989, si ya kubuniwa hata kidogo. Ni wimbo wa Kirusi wa karne ya 19 uliotokana na shairi la Nikolai Nekrasov kuhusu wachuuzi, na mamilioni ya watoto walioukariri hawakuwahi kumsikia Nekrasov. Sauti ikishanata hivyo, jina la mwenyewe ndilo huwa la kwanza kudondoka.

Tofauti ni kwamba Nekrasov alikuwa amekufa tangu 1878, ilhali Linda alikuwa kitandani. Alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53, mwaka mmoja hata haujapita tangu sauti yake iongoze Marekani. Katika akaunti yake ya benki palikuwa na fedha zisizofika dola 25. Mjane wake alikaa takriban miaka 18 kabla ya kuweza kuweka jiwe juu ya kaburi.

Kuanzia hapo wimbo ulijiendea wenyewe. Ufaransa uliimbwa na Henri Salvador. Uingereza ulishika nafasi ya nne mwaka 1962 kwa sauti ya Karl Denver, na nafasi ya kwanza mwaka 1982 ulipoimbwa na kundi la Tight Fit. Robert John aliurejesha kileleni mwa Marekani mwaka 1972, ingawa uliishia nafasi ya tatu. Waimbaji zaidi ya 150 wameurekodi. Kisha, mwaka 1994, kampuni ya Disney ikauingiza katika The Lion King, filamu iliyokopa majina ya wahusika wake kutoka Kiswahili, na mwaka huo huo ikaomba kusajili usemi wa hakuna matata kuwa alama yake ya biashara. Waliokuwa wameusikia usemi huo zamani katika Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa na haki ya kushangaa.

Familia haikujua ukubwa wa mambo. Mjane alitia sahihi hati ya kukabidhi haki mwaka 1983, akafariki mwaka 1990. Mabinti wakatia sahihi nyingine mwaka 1992. Kilichowarudia kilikuwa vijisenti. Mmoja wa mabinti hao alifariki mwaka 2001 kwa ugonjwa uliohusiana na Ukimwi, dawa zikiwa hazishikiki kwa bei yake.

Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, alichapisha katika jarida la Rolling Stone uchunguzi mrefu uliofuatilia safari ya wimbo huo hatua kwa hatua. Alikadiria kwamba matumizi yake katika filamu na jukwaa la The Lion King pekee yalikuwa yameingiza dola milioni 15. Makala hayo yaliamsha mawakili. Mmoja wao, Owen Dean, mtaalamu wa hakimiliki, alifukua sheria ya kikoloni ambayo karibu kila mtu alikuwa ameisahau: Sheria ya Hakimiliki ya Milki ya Uingereza ya mwaka 1911. Sheria hiyo ilitamka kwamba mtunzi akiuza haki zake angali hai, haki hizo zitarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Iliwekwa kwa kuwahurumia warithi wa waandishi wa Kiingereza walioachwa hohehahe. Hakuna aliyeiandika akimwazia Mzulu wa Pomeroy, lakini ilitumika kote katika himaya, na kwa hesabu hiyo wimbo ulikuwa umerudi kwa familia ya Linda tangu mwaka 1987.

Kesi iliwasilishwa mwaka 2004 dhidi ya Disney, familia ikidai dola milioni 1.6. Kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa ya kigeni, mawakili waliiomba mahakama ya Pretoria izuilie alama zake za biashara zilizosajiliwa Afrika Kusini, zaidi ya 200, akiwemo panya Mickey Mouse. Mahakama ilikubali. Kwa muda panya tajiri kuliko wote duniani akawa rehani kwa ajili ya simba.

Kesi haikufika hukumu. Februari 2006 pande husika zilipatana, pamoja na Abilene Music, kampuni iliyomiliki haki za The Lion Sleeps Tonight na kuipa Disney ruhusa ya kuutumia. Kiasi cha fedha hakikutangazwa. Familia ilikubaliwa kulipwa malimbikizo tangu 1987 na mgao wa mapato ya baadaye kupitia hazina ya amana, na Solomon Linda akatambuliwa rasmi kuwa mmoja wa watunzi. Kwa mara ya kwanza katika miaka 67, jina lake liliandikwa pale lilipostahili.

Mapatano hayo yalikuwa na kikomo. Nchini Afrika Kusini, kama ilivyo Kenya, hakimiliki ya muziki hudumu kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa Linda muda huo ulikwisha mwishoni mwa 2012. Mgao wa nje ya nchi nao ulikoma mwaka 2017, kwa mujibu wa filamu ya uchunguzi ya The Lion's Share iliyotolewa miaka miwili baadaye, ambayo iliwaonyesha mabinti wa Linda wakiuliza fedha zao zilipitia mikono ya nani. Mwaka huo huo wa 2019, Disney ilitoa toleo jipya la The Lion King, na nguchiro na ngiri wakauimba tena.